Kabla Hujanunua Jino la Dinosaria

Jino la dinosaria linanunulika. Ukiwa na kadi ya benki na bando la kutosha, unaweza kulala hapo bwenini na kabla ya saa sita usiku ukawa umeshaagiza jino la mnyama aliyekufa miaka milioni 95 iliyopita, likakufuata kwa posta. Jino dogo huuzwa kwa makumi ya dola tu. Juu kabisa ya soko hilo kuna watu wa aina nyingine: mwaka 2020 mifupa ya Tyrannosaurus rex aliyepewa jina la Stan ilipigwa mnada na Christie's huko New York kwa dola milioni 31.8, na mwaka 2024 Stegosaurus aitwaye Apex akauzwa na Sotheby's kwa dola milioni 44.6. Pesa zikishakuwa nyingi kiasi hicho, feki nayo haikai mbali.

Naandika haya kwa sababu ya ubishi uliozuka kwenye klabu yetu ya Jiografia. Sisi tunaosoma ualimu tunajua shida ya zana. Unakwenda TP, unafundisha miamba na visukuku, au mabadiliko ya viumbe kwenye Biolojia, na zana uliyonayo ni mchoro wa chaki. Klabu ilikuwa imetenga shilingi laki tatu za zana, na ndani ya wiki moja zikaja ofa mbili kwenye grupu la WhatsApp. Ya kwanza ni jino la Spinosaurus lenye urefu wa sentimita 9, likiwa na mzizi wake, kutoka duka moja la mtandaoni. Bei dola 40, na chini yake yameandikwa maneno yale yale ya siku zote, "original asilimia mia". Ya pili ililetwa na mwenzetu mmoja: picha ya kipande cha mfupa juu ya kiroba cha saruji, na ujumbe wa sauti unaosema, "Bosi, huo ni mfupa wa yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, elfu themanini tu nakutumia na basi." Watu wakagawanyika. Kuna waliotaka jino, kuna waliotaka mfupa kwa sababu ni wa kwetu. Mimi nikapewa kazi ya kuchunguza kabla hela haijatoka. Haya ndiyo niliyowasilisha, nikiongeza mambo mawili matatu ambayo siku ile muda haukutosha.

Tuanze na jino, maana ndilo lenye mengi.

Watu wengi wakisikia jino la dinosaria wanadhani ni kitu adimu kama almasi. Si kweli, na sababu yake ni ya kibiolojia. Sisi tunaota meno mara mbili basi, yakitoka ya ukubwani umeishia hapo. Dinosaria, kama mamba wa leo, alikuwa anabadilisha meno maisha yake yote. La zamani linadondoka, jipya linasukuma kutoka chini. Mnyama mmoja anaweza kuacha meno mengi sana kabla hajafa, na jino limefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko mfupa, kwa hiyo linavumilia kuzikwa. Kusini mashariki mwa Moroko, kwenye miamba iitwayo Kem Kem ambako zamani palikuwa na mito mikubwa, watafiti walihesabu meno na mabaki ya namna hiyo zaidi ya 1,200 kwenye eneo moja, na karibu nusu yalikuwa ya Spinosaurus, yule mla samaki mwenye tanga mgongoni. Ndiyo maana meno yake yapo sokoni kwa bei ambayo hata mwanachuo akijibana kwenye boom anaweza kuigusa.

Sasa shika jambo hili moja, maana litakuokoa. Jino linapokaribia kudondoka lenyewe, mwili huyeyusha mzizi wake kwanza. Kwa hiyo jino lililodondoka lina taji tu, yaani sehemu ya juu yenye enameli, na chini limekatika au lina kishimo. Jino lenye mzizi mrefu mzima ni lile lililotoka na taya, mnyama alipokufa. Hilo kweli ni adimu na bei yake iko juu. Na fundi wa feki naye anajua hivyo. Anachukua taji halisi la jino lililodondoka, anachonga mzizi kwa mchanga na gundi au kwa vipande vya mifupa mingine, anaunganisha, anapaka rangi, na jino la bei ya chakula cha wiki linakuwa jino la bei ya ada. Kwa hiyo feki nyingi za Moroko si feki za plastiki tupu. Ni jino la kweli lililoongezewa uongo. Nusu ya unachoshika kina umri wa miaka milioni 95, nusu nyingine ina umri wa miezi miwili. Ukiuliza tu "hili ni la kweli?" muuzaji anaweza kuapa na asiwe ameongopa kabisa.

Jino la sentimita 9 lenye mzizi kamili kwa dola 40? Hapo tu ungeshtuka.

Unalikaguaje? Kwanza macho. Jino la Spinosaurus lina umbo la koni, karibu kama la mamba, lina mistari inayoshuka kutoka nchani kwenda chini, na kingo zake hazina vijimeno vya msumeno. Jino la Carcharodontosaurus, mla nyama mkubwa wa miamba hiyo hiyo, ni bapa kama kisu na kingo zake zina vijimeno vya msumeno unavyoweza kuvihisi kwa ukucha. Ukiletewa jino la koni lisilo na vijimeno likiitwa la Carcharodontosaurus, huna haja ya kuendelea. Vilevile, meno mengi ya bei rahisi yanayotoka kwenye machimbo ya fosfeti ya Moroko ni ya mosasau, na mosasau hakuwa dinosaria. Alikuwa mtambaazi wa baharini, karibu zaidi na kenge na nyoka. Si kosa kulinunua jino lake, ila lipe jina lake. Na yale mataya mazima ya mosasau yenye meno yaliyopangwa vizuri ndani ya jiwe, mengi ni meno halisi yaliyochomekwa kwenye taya la kutengeneza.

Baada ya macho, chukua lenzi ya mkono, ile ya kukuza mara kumi. Fuata mstari mmoja wa enameli kutoka nchani kushuka chini. Fuata na nyufa pia, maana jino la umri huo halikosi nyufa. Mstari ukifika mahali ukakatika ghafla, na ng'ambo ya hapo ukaanza mwingine usiolingana nao, hapo pameungwa. Angalia rangi ya mzizi: wa kweli huwa na mabaka yasiyo na mpango, wa kuchonga una rangi moja kama ukuta uliopakwa jana. Angalia viputo. Gundi na plastiki ya kumimina huacha vitundu vidogo vya duara vilivyojaa hewa. Mfupa nao una vitundu, lakini vya mfupa havina duara kamili na vimepangwa kufuata urefu wake. Ukiona jino "limekaa ndani ya jiwe lake" na jiwe lenyewe ni punje za mchanga zenye ukubwa mmoja zilizoshikana kama kashata, chukua tahadhari kubwa, kwa sababu mchanga wa kuchanganya na gundi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuficha maungo.

Kuna majaribio ya mkono pia. Sindano iliyopashwa moto ikigusa plastiki itazama na kutoa harufu ya plastiki. Ikigusa jiwe haizami. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, hulainisha gundi nyingi na kufuta rangi ya kupaka, kwa hiyo pamba yenye asetoni ikipita kwenye mzizi ikarudi na udongo wa kahawia, umeshajua. Lakini jaribio ninalolipenda mimi ni la taa. Ile taa ya zambarau ambayo wakala wa pesa na mwenye duka la jumla wanamulikia noti za elfu kumi, imulike kwenye jino gizani. Gundi na viziba vingi vya kisasa hung'aa kwa weupe wa bluu, wakati jino lenyewe linang'aa tofauti au halingai kabisa. Usitafute mng'ao peke yake, kwa sababu yapo madini ndani ya visukuku ambayo nayo yanang'aa. Tafuta mstari, mahali ambapo mng'ao unaanza na kuishia kama mpaka wa shamba. Jumamosi moja nilikwenda kwa wakala mmoja hapa getini kujaribu taa yake kwenye jino la papa la kwenye mkufu wa rafiki yangu. Wateja wawili walidhani nakagua dhahabu, na mmoja akanifuata nje kuuliza bei.

Tatizo kubwa ni kwamba majaribio haya yote yanataka kitu kiwe mkononi. Sisi tulikuwa na picha nne. Kwenye picha unachoweza kufanya ni kudai picha nyingine: ya chini ya jino, ya pande zote kwenye mwanga wa jua, na ya karibu kabisa pale taji linapokutana na mzizi. Muuzaji mwaminifu anazo, au atapiga. Nitarudi kwenye majibu tuliyopata.

Mfupa una shida zake. Mfupa ukizikwa haraka kwenye tope au mchanga, maji yenye madini hupita kwenye vitundu vyake kwa muda mrefu, madini yanabaki humo, na polepole kinachobaki ni jiwe lenye ramani ya mfupa ndani yake. Ndiyo maana kisukuku ni kizito na cha baridi kuliko mfupa wa kawaida wa ukubwa huo. Nenda buchani uombe kipande cha mfupa wa ng'ombe, kikaushe, kisha ukilinganishe. Ukichoma chembe ya mfupa mpya, inanuka kama kwato inayoungua. Kisukuku hakinuki hivyo, kwa sababu protini yake haipo tena. Halafu lipo jaribio maarufu la ulimi: gusa mahali palipovunjika kwa ncha ya ulimi, mfupa wenye vitundu utanata, jiwe la kawaida halinati. Linafanya kazi, lakini si kila mara. Mfupa uliojaa madini mpaka vitundu vikaziba haunati, na uliopakwa gundi ya kuhifadhia haunati. Na kiukweli hujui kitu hicho kimepita wapi kabla ya kufika mdomoni mwako. Lenzi inatosha. Ndani ya mfupa uliovunjika unatakiwa uone ganda gumu nje, na ndani wavu kama sponji. Mawe mengi yanayoitwa mifupa ni mawe tu yenye umbo la kuvutia, na magogo yaliyogeuka jiwe yanawadanganya watu wengi kwa sababu nayo yana nyuzi.

Sasa tuseme jino limepita majaribio yote, na mfupa pia. Ni vya kweli. Je, ununue? Hapa ndipo mjadala wetu ulipowaka, na hapa ndipo nina msimamo: kujua kitu ni cha kweli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kimetoka wapi, na nusu hiyo ikikosekana, ya kwanza inapoteza thamani yake karibu yote darasani.

Kuna kisa cha Moroko kinachoonyesha hili kuliko maelezo yangu. Mifupa ya kwanza ya Spinosaurus ilipatikana Misri, ikapewa jina na Mjerumani Ernst Stromer mwaka 1915, ikawekwa Munich, na ikateketea kwa mabomu ya Vita vya Pili mwezi Aprili 1944. Yakabaki maandishi na michoro. Mwaka 2008 mtafiti kijana, Nizar Ibrahim, akiwa Erfoud, mji mdogo wa Moroko ambao umejaa maduka ya visukuku, alionyeshwa na mchimbaji mmoja boksi la mifupa yenye udongo wa rangi ya pekee. Mwaka uliofuata alikwenda Milan, Italia, na wenzake wa makumbusho ya pale wakamwonyesha mifupa mingi zaidi iliyokuwa imewafikia kupitia soko. Ibrahim akaona udongo uleule. Akahisi ni mnyama mmoja, nusu yuko Afrika na nusu yuko Ulaya. Lakini ametoka shimo lipi? Mifupa haikuja na maandishi yoyote. Bila kujua mahali, huwezi kusema ni wa umri gani, wala alikaa kwenye mto au ufukweni, wala kama kweli ni mmoja au ni watatu waliochanganywa na dalali.

Alichokuwa anakumbuka kuhusu mchimbaji ni kwamba alikuwa na masharubu. Mwaka 2013 akarudi Erfoud na wenzake kumtafuta mtu mwenye masharubu katika nchi ambayo wenye masharubu hawahesabiki. Wakazunguka, wakakata tamaa, wakakaa mgahawani wanywe chai. Mtu akapita mbele yao amevaa nguo nyeupe. Ndiye. Akakubali kuwapeleka kwenye shimo, wakachimba, wakapata vipande zaidi vya mnyama yuleyule, na mwaka 2014 taarifa yake ikachapishwa katika jarida la Science na kubadilisha kabisa picha tuliyokuwa nayo kuhusu mnyama huyo. Mifupa ya Milan ikarudishwa Moroko. Fikiria: elimu yote ile ilikuwa imening'inia kwenye kumbukumbu ya mchimbaji mmoja ambaye jina lake halikuandikwa kwenye risiti yoyote. Angekuwa amehama mji, au angekuwa amepita mtaa wa pili siku ile, ingebaki mifupa mizuri isiyosema kitu.

Wachimbaji hao, kwa njia, wanachimba kwa mikono kwenye kuta za miamba, katika mashimo membamba yanayoweza kuporomoka. Sipendi hoja ya kwamba kununua jino lao ni dhambi; familia nyingi za kule zinakula kwa kazi hiyo, na wanasayansi wenyewe wamefaidika nayo. Ninachosema ni kwamba muuzaji anayeweza kukuambia jino limetoka eneo gani, tabaka gani la mwamba, na limerekebishwa wapi, anakuuzia kitu. Anayesema "Afrika Kaskazini" na kuweka alama ya moto kwenye meseji anakuuzia pambo.

Halafu lipo la sheria, na hapa halisi na halali ni vitu viwili. Mwaka 2007 mwigizaji Nicolas Cage alinunua fuvu la Tarbosaurus kwenye mnada kwa dola 276,000. Fuvu lilikuwa la kweli kabisa. Lakini lilikuwa limeibwa Mongolia, nchi ambayo visukuku vyake ni mali ya taifa, na mwaka 2015 akakubali kulisalimisha lirudi kwao. Marekani kwenyewe, mfupa uliochimbwa kwenye shamba la mtu binafsi unaweza kuuzwa, lakini uliotoka kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho hauuziki. Wakati mwingine shimo la halali na la haramu yametenganishwa na uzio tu.

Na kwetu? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kuwa ni mambo ya kale. Huwezi kuchimba bila leseni, wala kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo yule bosi wa elfu themanini alikuwa anatuuzia kimojawapo kati ya vitu viwili: jiwe la kawaida, au kosa la jinai. Nilipowaambia wenzangu hivyo, mmoja, mwenyeji wa Lindi, akanijibu kitu ambacho bado nakifikiria. "Sasa dada," akasema, "Wajerumani walibeba tani mia mbili hawakukamatwa, leo mtoto wa Mnyangara akiuza kipande ndiyo mwizi?"

Swali lake lina uzito na sikulijibu kwa kifungu cha sheria. Tendaguru ilijulikana kwa Wajerumani mwaka 1906, kupitia mhandisi wa madini aitwaye Sattler, ingawa wenyeji walikuwa wanaiona mifupa ile siku zote. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba pale na kupeleka Ujerumani zaidi ya tani 200 za mifupa. Haikubebwa na reli wala gari. Ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi, safari baada ya safari. Msimamizi wa kazi pale shimoni alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake, karibu miaka mia baadaye. Bungeni kwetu suala la mifupa hiyo limeulizwa zaidi ya mara moja. Mimi sina kigugumizi: ilichukuliwa wakati mwenye ardhi hakuwa na sauti.

Lakini ona kitu kimoja. Mifupa ile ilichukuliwa pamoja na maandishi yake. Kila shimo lilikuwa na jina, mifupa ikapewa namba, ramani zikachorwa. Ndiyo maana mwaka 2009 mtafiti aliweza kukaa na mifupa hiyo, akailinganisha na ya Brachiosaurus wa Marekani, na kuonyesha kwamba mnyama wetu aliyeitwa Brachiosaurus brancai ni wa jenasi nyingine, Giraffatitan. Na ndiyo maana tukiidai tunajua tunachodai, mfupa kwa mfupa, shimo kwa shimo. Kipande cha elfu themanini kikishapanda basi kikaja kwenye kabati la klabu yetu, kimekatwa na shimo lake milele. Hakuna atakayekidai, kwa sababu hakuna atakayejua kimepotea. Nilimwambia mwenzangu yule hivyo. Hakusema nimemshinda, na sidhani kama nilimshinda, lakini kwenye kura hakuunga mkono kununua mfupa.

Nikarudi kwenye suala la kuunganisha, maana kuna aliyeniuliza: kama jino lililoungwa ni feki, mbona hata huyo mjusi wa Berlin ameungwa? Swali zuri sana. Giraffatitan aliyesimamishwa pale, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, ametengenezwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na baadhi ya sehemu zake, fuvu likiwamo, ni nakala. Tofauti ni kwamba imeandikwa. Makumbusho inasema hiki ni mfupa, hiki ni plasta. Linganisha na Irritator, dinosaria wa Brazili aliyepewa jina mwaka 1996. Wafanyabiashara walikuwa wamerefusha pua ya fuvu lake kwa plasta ili lipande bei, na watafiti walipogundua, hasira yao ndiyo ikawa jina la mnyama. Au yule "Archaeoraptor" wa China aliyetangazwa na National Geographic mwaka 1999 kuwa kiungo kati ya dinosaria na ndege, kumbe ni vipande vya wanyama tofauti vilivyogandishwa pamoja. Vipande vyenyewe vilikuwa vya kweli na vya maana. Kilichokuwa cha uongo ni kunyamaza kuhusu gundi.

Kwa hiyo kwetu walimu nakala si aibu. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na duniani kote wanafunzi wanajifunza kwa nakala zake bila kupungukiwa na kitu, mradi mwalimu aseme ni nakala. Na kama unataka mtoto wa kidato cha nne ashangae, mwambie kwamba mwaka 2019 dinosaria mmoja wa bonde la Rukwa alipewa jina rasmi la kisayansi Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu alipatikana mto Mtuka na mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Jina hilo halihitaji kamusi ya Kilatini.

Sasa majibu. Kwa duka la jino lenye mzizi tuliandika maswali manne: limetoka eneo gani, sehemu gani imeungwa au kujazwa, mna picha ya karibu ya pale taji linapokutana na mzizi, na lilitoka Moroko kwa kibali gani. Jibu likawa kifungashio cha zawadi bure tukilipia leo. Tukauliza tena, hawajajibu mpaka naandika hapa. Muuzaji wa pili, tuliyempata baadaye, anauza taji la sentimita 4 lisilo na mzizi. Aliandika kwamba ncha imevunjika, kuna ufa mmoja umegandishwa kwa gundi na akaweka alama kwenye picha, limetoka Kem Kem upande wa Taouz. Nakala ya kibali ameahidi kuitafuta. Halivutii macho kama lile la kwanza. Klabu imeamua hela haitoki mpaka karatasi ije, na isipokuja tutaachana nalo.

Wakati tunasubiri tumenunua lenzi tatu, taa moja ya kukagulia noti, na kilo mbili za plasta. Mwenye bucha wa soko la jirani ametupa taya la ng'ombe lenye meno yake, limechemshwa na kukaushwa, na tayari tumelitolea nakala tano ambazo kila moja imeandikwa kwa wino "nakala". Vitu vyote viko kwenye kabati la klabu, ufunguo anao katibu. Anayekwenda TP muhula huu na anataka kuazima, aandike jina lake na shule anayokwenda kabla ya Ijumaa, kwa sababu lenzi ni tatu tu na waliojiandikisha mpaka jana ni saba.